Chema Chajiuza? Mwombaji wa Masomo na Historia ya Insha ya Kujieleza katika Uwanda wa Juu wa Ufipa

1.0 Utangulizi

Kijana anayemaliza kidato cha sita mjini Sumbawanga leo anaweza kukutana na maombi ya masomo ya aina mbili yasiyofanana hata kidogo. Maombi ya kwanza ni ya chuo kikuu cha ndani ya nchi. Yanamtaka aandike namba ya mtihani, tahasusi aliyosoma, ufaulu wake na kozi anazozipendelea kwa mfuatano. Hakuna mahali panapomuuliza yeye ni nani. Maombi ya pili ni ya chuo cha ng'ambo, au ya ufadhili unaofuata desturi za vyuo vya ng'ambo, nayo yanaanzia hasa pale ambapo yale ya kwanza hayakugusa. Fomu ya pamoja inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, Common Application, humpa mwombaji nafasi ya maneno yasiyozidi 650 aeleze asili yake, kikwazo alichokutana nacho, imani aliyoitilia shaka, au jambo jingine lolote atakalolichagua mwenyewe, mradi msomaji akimaliza awe amemfahamu.

Maandishi ya aina hii kwa kawaida hayahesabiwi kuwa chanzo cha historia. Huandikwa kwa haja, hupelekwa, hujibiwa au hayajibiwi, kisha hutupwa. Hata hivyo ndani yake kuna swali ambalo mwanahistoria wa elimu hawezi kulikwepa: ni nani mwenye haki ya kumweleza mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa elimu? Hoja ya makala haya ni kwamba ugumu anaoupata kijana wa Ufipa mbele ya insha ya kujieleza hautokani na lugha ya Kiingereza peke yake, wala na upungufu wa kipaji. Ni ugumu wenye historia. Kwa zaidi ya karne moja mlango huo ulifunguliwa kwa maneno ya mtu mwingine kumhusu mwombaji, au kwa namba isiyo na maneno. Sasa mwombaji anatakiwa awe mshenga wa nafsi yake mwenyewe, na hatua ya kusahihisha rasimu ndiyo inayoamua kama nafsi hiyo itafika mwisho ikiwa bado ni yake.

2.0 Sifa ya mtu katika kinywa cha mwenziwe

Neno "mshenga" halikutumika hapo juu kwa pambo. Katika posa, Ufipa kama ilivyo kwa jamii nyingi za Tanzania, kijana hasimami mbele ya wazazi wa binti akahesabu fadhila zake. Anatumwa mtu mzima mwenye heshima, naye husema kijana ni wa nani, ametoka wapi, anaweza nini. Kijana akijisemea mwenyewe, hata kama kila neno ni kweli, tayari ameshaonyesha kasoro moja: hakufundwa. Methali inayojulikana kote panaposemwa Kiswahili imelitia jambo hili muhuri: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Mtoto aliyekulia katika methali hiyo anapoambiwa ajitembeze kwa maneno 650, haombwi kuonyesha ujasiri tu. Anaombwa kufanya jambo ambalo nyumbani ni dalili ya ubaya wa bidhaa.

Isidhaniwe kwamba Ufipa ilikuwa jamii iliyojifungia na kuogopa wageni. Roy Willis, mwanaanthropolojia aliyeitafiti jamii hii na kuchapisha kitabu chake cha historia ya Ufipa kabla ya ukoloni mwaka 1981, aliipa nafasi kubwa simulizi ya Milansi. Katika simulizi hiyo wanawake wageni wanafika kwa mtemi, wanakaribishwa, na mwishowe utawala unawaangukia wao, huku Milansi ikibakiwa na heshima ya kiibada. Simulizi hii husomwa zaidi kama maelezo ya chanzo cha dola za Nkansi na Lyangalile, na usomaji huo una sababu zake. Lakini inafaa pia kusomwa kama simulizi ya ukaribisho: mgeni aliyepewa kiti kabla hajajulikana vizuri alibadili historia ya nchi. Si ajabu basi kwamba utambulisho ukawa kazi ya watu wengi, wenye mpangilio, wala haukuachwa katika kinywa cha mgeni pekee.

3.0 Karema na maisha yaliyosimuliwa bila kuomba kitu

Elimu ya maandishi iliingia Ufipa kupitia ufukwe wa Ziwa Tanganyika. Mapadri Weupe walikipokea kituo cha Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka hapo wakapanda kuelekea uwanda wa juu. Karema leo iko Mkoa wa Katavi, lakini kwa muda mrefu ndiyo iliyokuwa makao ya kanisa kwa Ufipa yote, na Jimbo la Karema ndilo lililokuja kuitwa Jimbo la Sumbawanga.

Mtu wa Karema anayetuhusu zaidi hapa ni Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu katika miaka ya 1860, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara kama mtumwa, akakombolewa na Mapadri Weupe. Kardinali Lavigerie alikuwa na mpango wa kuwasomesha vijana wa Kiafrika waliokombolewa ili wawe waganga na makatekista, na Atiman alikuwa miongoni mwa waliopelekwa Malta kusomea udaktari. Alifika Karema mwaka 1889, akatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956.

Inafaa kutazama mlango wa Malta ulifunguliwaje. Kijana hakuandika ombi. Alichaguliwa na wamisionari kwa tathmini yao ya akili yake, afya yake na tabia yake. Maneno yaliyompeleka yalikuwa ya wengine. Maelezo yake mwenyewe tunayapata baadaye sana, mwaka 1946, katika jarida la Tanganyika Notes and Records, chini ya kichwa kinachosisitiza kwamba msimulizi ni yeye mwenyewe. Wakati huo alikuwa mzee wa takribani miaka 80, na alikuwa ameishi Karema zaidi ya nusu karne. Hakuwa na nafasi ya masomo ya kuomba wala mfadhili wa kumridhisha. Kwa maoni yangu hali hiyo ndiyo inayoyapa maelezo yake thamani ya pekee kwa mada hii: hapa kuna mtu aliyesimulia utumwa wake baada ya mlango kufunguliwa, bila kuutumia kama ufunguo.

Wengine hawakuwa na bahati ya kungoja. Marcia Wright, katika kitabu chake cha mwaka 1993, alikusanya na kuchambua masimulizi ya maisha ya wanawake waliopitia utumwa katika ukanda ulio kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, akiwemo Narwimba. Masimulizi hayo yalipita katika kalamu za wamisionari kabla ya kuwafikia wasomaji, na Wright anatuonyesha namna wanawake hao walivyolazimika daima kutafuta mlinzi. Mtu anayesimulia mateso yake mbele ya mtu anayeweza kumlinda hachagui tukio kwa uhuru uleule wa mzee wa Karema. Anachagua linalosikika. Huu ndio mwanzo wa tatizo ambalo tutalikuta tena katika skrini ya simu mjini Sumbawanga.

4.0 Namba ya mtihani

Chini ya ukoloni, njia ya kupanda ngazi ya elimu ilikuwa nyembamba. Shule ya Serikali ya Tabora ilianzishwa katika miaka ya 1920 ikiwalenga kwanza watoto wa machifu. Hapo sifa ya kuingia ilikuwa ukoo. Katika seminari ndogo, ambazo mfano wake Ufipa ni Kaengesa, barua ya paroko ilikuwa, na bado ni, sehemu ya maombi. Paroko ndiye anayesema mtoto huyu anahudhuria ibada, anatoka katika familia ya namna gani, na ana dalili za wito. Mtoto mwenyewe husailiwa, lakini kwa kawaida usaili huja baada ya barua.

Mtihani ndio uliouvunja utaratibu huo, na tangu Baraza la Mitihani la Tanzania lilipoanzishwa mwaka 1973, baada ya nchi kujitoa katika Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mtihani ukawa wa taifa zima. Mtahiniwa haandiki jina lake katika karatasi ya majibu, bali namba. Wako wanaoulaumu mfumo huu kwa kumgeuza mtoto kuwa tarakimu, na lawama hiyo ina uzito. Lakini historia inatutaka tuseme na upande wa pili. Msahihishaji aliyeketi mbali hakujua kama karatasi iliyo mbele yake imetoka Kantalamba au katika shule ya mtoto wa waziri. Hakujua kabila, dini, wala kazi ya baba. Kwa mtoto wa mkoa ulioanzishwa mwaka 1974 na ambao kwa miongo mingi ulifikiwa kwa barabara ya vumbi na tope, kutojulikana ilikuwa kinga.

Kinga hiyo ilikuwa na gharama, na gharama yenyewe inaonekana wazi katika somo la Kiswahili. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kuandika barua rasmi, ikiwemo barua ya kuomba kazi. Ila mtihani ukifika, swali la barua mara nyingi humpa jina la kutumia na anuani ya kutumia, ili msahihishaji asimtambue. Kijana anajizoeza kwa miaka minne kuomba nafasi kwa jina lisilo lake, kwa sifa alizozibuni, akiishi katika sanduku la posta ambalo halipo. Anapata alama kamili kwa mpangilio: anuani mbili, tarehe, kichwa cha habari, aya ya utangulizi, hitimisho la heshima. Kisha akiwa na miaka 19 anaambiwa: sasa tueleze wewe ni nani hasa. Anachokifanya ni kile alichofundishwa. Anambuni mwombaji.

5.0 Azimio la Musoma: tawi la chama kama msomaji wa tabia

Kilikuwepo kipindi kimoja ambapo serikali yenyewe iliona kwamba namba haitoshi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilisitisha desturi ya wanafunzi kutoka kidato cha sita moja kwa moja hadi chuo kikuu. Mwombaji alitakiwa awe amefanya kazi, na awe na mapendekezo ya mwajiri na ya tawi la TANU. Nia yake ilifuata Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967: kumpata msomi anayeijua kazi na anayejulikana na wafanyakazi wenzake.

Kwa muda mfupi basi tabia ya mwombaji ilirudi kuwa sifa ya kuingia chuoni, ila msemaji wake hakuwa yeye. Mwalimu kijana wa shule ya msingi Ufipa aliyetaka kwenda Dar es Salaam alitegemea kikao. Kikao kilijua mambo ambayo hakuna mtihani ungeyajua, kwa mfano nani alishika jembe siku ya kazi za kijiji na nani alituma udhuru. Kilijua pia nani aligombana na nani. Masharti hayo yalilegezwa mapema kwa wanawake na kwa baadhi ya fani za sayansi, na kufikia katikati ya miaka ya 1980 njia ya kuingia bila miaka ya kazi ilikuwa imefunguliwa tena. Ilipoanzishwa Tume ya Vyuo Vikuu mwaka 2005, na baadaye mfumo wa pamoja wa udahili uliofanya kazi kuanzia 2010 hadi 2017, namba ilikuwa imekwisha kushinda, safari hii ikiwa ndani ya kompyuta.

Naliona Azimio hilo kuwa jaribio zito kuliko linavyokumbukwa. Lilikuwa limeuliza swali la haki: je, mtu anaweza kupimwa kama mtu, bila kumgeuza kuwa mchuuzi wa nafsi yake? Jibu lake, yaani kuwaachia wenzake wamseme, lilifanana na posa. Kilichokosekana ni njia ya mposaji kukanusha mshenga akisema uongo.

6.0 Barua za kwenda ng'ambo

Sambamba na njia hizo, kulikuwa na nyingine iliyopitia posta. Kati ya mwaka 1959 na 1963 karibu wanafunzi 800 wa Afrika Mashariki, wengi wao Wakenya na wachache wakiwa Watanganyika na wengineo, walipelekwa Marekani katika mpango unaohusishwa na Tom Mboya. Kabla ya ndege kulikuwa na barua: kijana mmoja mmoja akiandikia chuo ambacho hajakiona, akieleza kwa nini akubaliwe.

Mfano ulio jirani zaidi na Ufipa ni wa Legson Kayira, aliyezaliwa kaskazini ya Nyasaland, ng'ambo ya mpaka, kusini-mashariki mwa uwanda huu. Mwaka 1958 aliondoka kwao kwa miguu, akavuka Tanganyika, akafika Kampala. Huko, katika maktaba ya Wamarekani, alikuta jina la Skagit Valley College, chuo kidogo cha Jimbo la Washington, akakiandikia. Kilimkubali na kumpa nafasi ya ufadhili, naye akaendelea kwa miguu hadi Khartoum kabla ya kusafirishwa. Kitabu chake, I Will Try, kilitoka mwaka 1965.

Safari ya Kayira husimuliwa kama kielelezo cha bidii, nayo ni hivyo. Kwa mada yetu, hata hivyo, jambo la kuzingatia ni lingine. Barua yake ya maombi na kitabu chake ni vitu viwili tofauti. Barua iliandikwa na kijana aliyekuwa bado njiani, asiyejua kwamba mwendo wake ni habari. Kitabu kiliandikwa na mtu aliyekwisha kufika na kuona jinsi Wamarekani walivyoupokea mwendo huo. Tangu hapo, mwombaji wa Kiafrika anayekaa chini kuandika ana kivuli mbele yake. Anajua, hata bila kumsikia Kayira, kwamba wasomaji wa mbali wanapenda kilomita na miguu mitupu.

Na wasomaji hao nao wana historia. Jerome Karabel, katika The Chosen (2005), ameonyesha kwamba vyuo vikubwa vya Marekani havikuanza kumuuliza mwombaji habari zake kwa sababu ya huruma. Mwanzoni mwa karne ya 20 vilipokea kwa mtihani. Vilipoona kwamba mtihani unaingiza vijana wengi wa Kiyahudi, Columbia na Harvard zilileta fomu ndefu, picha, usaili na maelezo ya tabia. Fomu ya Harvard ya miaka ya 1920 ilifikia kumuuliza mwombaji kama jina lake au la baba yake limewahi kubadilishwa. Swali "wewe ni nani" lilianza kama chujio la kuwabaini wasiotakiwa. Baadaye swali hilohilo likatumiwa kuwafungulia waliosahaulika, na mipango kama ule wa Mastercard Foundation, ulioanza mwaka 2012, imewafikisha Waafrika wengi vyuoni kwa njia hiyo. Lakini chombo hakisahau kilikochongwa. Mtahini wa karatasi za Baraza alizuiwa kumjua mtoto wa Sumbawanga. Msomaji wa insha ya kujieleza ameajiriwa kumjua.

7.0 Rasimu na mikono inayoipitia

Nimefundisha kidato cha tano na sita, na nimepitia rasimu za vijana wa uwanda huu. Kwa kuwa rasimu hizo ni mali ya waliozitunga, hapa natumia mfano niliouunda mwenyewe ili kuonyesha mambo yanayojirudia. Nauandika kwa Kiswahili, ingawa ungepelekwa kwa Kiingereza. Aya ya kwanza ya rasimu ya kwanza ingesomeka hivi:

"Nimezaliwa katika familia maskini sana kwenye mkoa wa pembezoni, ambako watu wengi bado wanaamini uchawi. Mama yangu ameteseka sana ili nisome. Ndoto yangu ni kuisaidia jamii yangu na Afrika kwa ujumla."

Hakuna uongo hapo, ila aya hii haina mwenyewe. "Mkoa wa pembezoni" ni lugha ya ripoti za ofisini. Hakuna mtu anayeamka Sumbawanga akajiona yuko pembezoni mwa kitu. "Uchawi" ni mzaha wa abiria wa basi, unaotokana na maelezo ya mitaani ya jina la mji, kwamba maana yake ni "tupa uchawi". Kijana amejifunza kuutazama mji wao kwa dirisha la basi hilo, na sasa anauuza mtazamo huo kwa watu wasioujua mji wala mzaha. Na mama "ameteseka": katika sentensi nzima mama hana tendo hata moja.

Msahihishaji mwenye busara hagusi sarufi kwanza. Anauliza. Mama anafanya kazi gani? Analima na kuuza mahindi. Anauzaje? Kwa gunia. Gunia la namna gani? Lumbesa. Hapo kalamu inasimama, maana kijana amefika mahali anapojua zaidi ya msomaji wake. Rukwa ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, na kila mkulima anaijua lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kilemba cha kamba juu, na kununuliwa kwa bei ya gunia la kawaida, ingawa sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Rasimu ya pili inaweza kuwa hivi:

"Nilikuwa nashika mdomo wa gunia wakati wanashindilia. Mwaka ule nilianza kuhesabu. Gunia la kawaida lilimeza debe sita. La mnunuzi, pamoja na kilemba chake, lilimeza karibu nane, na bei ilikuwa moja. Nilimwonyesha mama daftari. Alicheka akasema alikuwa anajua kabla sijazaliwa. Shida haikuwa hesabu. Shida ni kwamba lori ni moja, na likiondoka halirudi hadi wiki ijayo."

Tofauti kati ya rasimu hizi mbili haiko katika ufasaha. Katika ya pili mama ni mtu mwenye akili anayeshindwa na soko. Kijana ni mtu aliyegundua kitu, kisha akagundua kwamba ugunduzi wake si mpya. Umaskini upo, wala haukutajwa. Kijana hajajisifu, kwa hiyo methali haikuvunjwa, lakini msomaji wa mbali amekwisha kuona jinsi anavyofikiri. Ninadai kwamba hii ndiyo njia ambayo mtoto aliyelelewa kwa adabu ya Ufipa anaweza kuipitia bila kujivua adabu hiyo: aseme alichokiona na alichokifanya, sifa aachiwe msomaji.

Bahati mbaya rasimu haiishii hapo. Inakwenda kwa mshauri aliye mbali, mara nyingi mtu mwema anayejitolea, au siku hizi inawekwa katika programu ya akili bandia. Inarudi ikiwa na mwisho mpya: "Siku ile niliapa kuwa mwanauchumi." Kicheko cha mama kimeondolewa kwa kuwa "kinamchanganya msomaji". Mama amekuwa mhanga asiyejua hesabu, na mtoto amekuwa mkombozi wake. Kiingereza kimenyooka kuliko awali, na kwa sababu hiyo kijana anaona haya kukataa. Atasemaje kwamba aya iliyo nzuri zaidi si yake? Hapa ndipo wanawake wa Marcia Wright wanaporudi akilini. Mikono iliyosahihisha masimulizi yao ilikuwa na huruma pia.

Lipo jambo jingine ambalo miongozo ya uandishi wa insha hizi haina mazoea ya kuligusa, nalo kwa Ufipa ni zito. Insha inasema "mimi", lakini imejaa watu wengine. Mama hakuulizwa kama anataka gunia lake lisomwe Marekani. Hasomi Kiingereza, na pengine rasimu haitafika kijijini. Nimeona inafaa kumshauri mwombaji aisome rasimu yake kwa Kiswahili, au kwa Kifipa pale inapobidi, mbele ya mtu aliyetajwa ndani yake, kabla haijatumwa. Zoezi hili hubadili maandishi kuliko sarufi yoyote. Katika mfano wetu, mama angeweza kusikiliza hadi mwisho kisha akauliza swali moja: kwa nini umesema lori ni moja? Kijijini kila mtu anajua ni la nani. Mwenye lori akisikia, msimu ujao tutamuuzia nani? Sentensi iliyo bora kuliko zote katika insha ndiyo inayoweza kuigharimu familia.

Kijana anayo njia ya kutoka. Anaweza kuandika "malori ni machache", na ukweli wa jambo ukabaki, ijapokuwa ukali wake umepungua. Anaweza kuiacha sentensi na kuficha kijiji. Anaweza kumwambia mama kwamba wasomaji wako mbali. Kila uamuzi kati ya hii ni uamuzi wa kihistoria kwa maana kamili: unahusu nini kiandikwe, nini kifichwe, na kwa ajili ya nani. Mwongozo wa chuo hauwezi kumwamulia, wala mimi.

8.0 Kuhusu vyanzo

Mtafiti atakayetaka kuendeleza suala hili atakutana na kikwazo cha vyanzo mapema. Maelezo ya Atiman yamefika kwetu kama maandishi yaliyokamilika na kuchapwa. Masimulizi ya wanawake wa ukanda wa maziwa yanatufikia baada ya kupita mikononi mwa wahariri. Mapendekezo ya matawi ya chama yalikuwa karatasi za faili za wafanyakazi. Vipande vya insha za leo vimo katika simu, rasimu ya tatu ikiwa imeandikwa juu ya ya pili, na ya pili juu ya ya kwanza, bila tarehe na bila alama ya mkono uliobadili. Fomu ikishatumwa, kinachobaki ni toleo la mwisho katika hifadhi ya chuo kisichoruhusu wageni kulisoma. Daftari la kuhesabia debe, kama lilikuwepo, liko nyumbani, nalo karatasi zake hutumika kuwashia moto asubuhi ya baridi ya Juni, wakati upepo unaposhuka kutoka Milima ya Mbizi. Simu nayo huuzwa ada inapokaribia.